Baraza ya Mahali pa Kugeukia

Nyinyi mafundi vijana mliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi, mkasema yatawafaa. Nimekubali kwa sababu tangu nistaafu mke wangu amechoka kuniona nikipimapima kuta za nyumba yetu na kuzikuta na makosa. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuwa viwili, na mishahara mnaijua, maana ndiyo hiyo hiyo mnayopata nyinyi.

Nimezaliwa Kaloleni. Niliingia Mombasa kijana, mkononi nikiwa na barua ya mwalimu wangu iliyosema kwamba mimi ni mwaminifu na nina afya njema. Haikusema kwamba najua ujenzi, kwa sababu sikuujua. Kampuni iliyonichukua, ambayo siku hizi haipo, ilikuwa na mkubwa mmoja, lori moja na fundi mmoja wa kweli. Huyo alikuwa Fundi Shee, mzaliwa wa Kibokoni, mwashi mwana wa mwashi, mtu wa mawe ya matumbawe na chokaa. Nilikabidhiwa kwake siku hiyo hiyo. Kwa uso aliouonyesha, hakuwa ameomba mtu.

Aliisoma barua yangu yote, akaikunja, akanirudishia.

"Wayua kuketi?" aliniuliza.

"Najua, Fundi."

"Basi keti hapo utazame."

Nikaketi juu ya gunia la simiti, nikatazama kwa siku tatu. Siku ya nne alinipa ncha ya mpira wa maji. Nyinyi mna vyombo vizuri zaidi, lakini nawaeleza hivyo hivyo. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa urefu wa hatua ishirini, umejazwa maji. Mmoja hushika ncha hii, mwingine ncha ile, na pale maji yanapotulia pande zote mbili ndipo usawa ulipo. Pima maji ya mbao tulikuwa nayo, ila Fundi Shee aliitumia kukorogea rangi.

"Maji hayana jamaa hapa mjini," alikuwa akisema. "Hayasemi urongo kumpendeza mtu."

Maji hayasemi uongo, lakini kiputo cha hewa kikiingia ndani ya mpira husema uongo mtupu, na mimi sikukiona. Ndivyo nilivyoisawazisha meza ndefu ya simiti katika hoteli ndogo ya Makadara, ikatoka na mwinamo, na vikombe vya chai vikawa vinajitembelea vyenyewe kuelekea mlangoni. Fundi Shee hakunigombeza. Alinipeleka kunywa chai pale kila Ijumaa kwa muda wa miezi miwili, tukiketi upande wa chini, tukividaka vikombe. Tangu hapo sijawahi kuuinua mpira bila kuukagua kwanza.

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa baraza. Mawe yakibaki mwisho wa kazi, wengine huyarudisha kwenye lori. Yeye hakurudisha. Alitazama palipo na kivuli, akajenga mahali pa kukaa, akapaka chokaa, akaondoka. Ziko baraza kadhaa katika mji ule ambazo hazimo katika ramani yoyote. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini nyumba ina mlango.

"Usimwate mgeni wima," alisema, yaani usimwache amesimama. "Mtu akifika kwako ukamwata wima, wamwambia ende zake."

Miaka ikapita, nayo ilikuwa mingi. Kuta nilizojenga alikuja kuzikagua zote, na maoni yake yalikuwa yale yale: "Mawe yamekaa." Baadaye magoti yakamshinda akaacha kazi, akabaki nyumbani kwake Kibokoni, nami nikawa msimamizi kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tukapewa kazi ya njia ya kutembelea ukingoni mwa maji, nyuma ya Kibokoni. Karatasi zilisema njia iwe ya watu wote, pamoja na wanaotumia viti vya magurudumu. Katika kampuni yetu hakuna aliyewahi kukikalia kiti hicho. Tulikuwa na injinia kijana, Mwakio, Mtaita mpole mwenye tai, ambaye alikuwa amekiona kitabuni.

Shida ilikuwa moja. Kichochoro kinachotoka majumbani kilikwisha kwa ngazi saba za mawe, ndipo ukashuka kwenye ukuta wa bahari ambako njia yenyewe ingepita. Ramani ya Injinia Mwakio iliondoa ngazi na kuweka mteremko wa futi kumi na nne. Alishuka, akapanda, akashuka tena, akasema unatosha. Mimi nikashuka na kupanda, nikakubali.

"Hapo mimi sitashuka," sauti ikasema nyuma yetu. "Hapo nitaporomoka."

Tuligeuka. Mlango wa mwisho wa kichochoro ulikuwa wazi, na mlangoni alikuwako mwanamke wa makamo kwenye kiti cha magurudumu, akishona kofia. Alikuwa Bi Mwanaisha. Kofia zake zilivaliwa na nusu ya wanaume wa mtaa ule, nami nilikuwa nazijua kofia kabla ya kumjua mwenyewe. Alianguka ngazini nyumbani kwao, na tangu siku hiyo miguu haikumtii tena. Nikasema lile ambalo kila mtu husema.

"Pole sana, Bi. Utazoea."

"Nimeambiwa," alijibu, bila kuinua macho kwenye sindano. "Mwaka wa tisa huu nazoea."

Akatueleza. Kutoka mlangoni pake hadi majini ni hatua sitini, zetu si zake. Sauti ya bahari aliisikia kitandani. Kuiona aliiona siku ya Idi tu, wanaume wanne wa ukoo walipokuja kumbeba na kiti chake.

"Waniteremsha kama kabati," alisema. "Na nikishafika, naiona bahari kwa kadiri ya subira yao. Mmoja akitazama saa, matembezi yamekwisha. Mimi nataka jambo moja tu. Nende peke yangu, nitazame nitosheke, nirudi peke yangu. Kama hiyo ndia yenu haifanyi hilo, basi waatieni watu ngazi zao, walizizoea."

Injinia Mwakio akamwambia kwa adabu kwamba ramani imekwisha kupitishwa. Bi Mwanaisha hakubishana naye. Alimwita dada yake, akasaidiwa kuhamia kitandani, kisha huyo dada akakisukuma kiti kitupu mpaka nje ya mlango.

"Keti wewe kwanza," Bi Mwanaisha akamwambia injinia kutoka kitandani.

Injinia alikuwa na tai, kwa hiyo nikachaguliwa mimi. Tulilaza mbao juu ya ngazi kwa mteremko ule ule wa ramani, nikaketi, nikaachia. Sitaeleza sana. Chini palikuwa na fungu la mchanga wa kazi, nalo lilinipokea. Nilipomaliza kuutema, injinia alikuwa ameshaikunja ramani na kuitia mfukoni.

Basi andikeni hili mahali. Ukishuka inchi moja, nenda mbele inchi kumi na mbili. Ngazi zetu saba zilikuwa inchi arobaini na mbili, kwa hiyo mteremko ulitaka futi arobaini na mbili, na nafasi hiyo haikuwako isipokuwa tuukunje: futi ishirini na moja kwenda, mahali bapa pa kugeukia, futi ishirini na moja kurudi. Sakafu msiilainishe kwa mwiko kwa kutaka sifa. Pitisheni ufagio wa chelewa, ule wa njiti za makuti, simiti ikiwa mbichi, ili gurudumu lishike. Na mwinamo wa kutolea maji ya mvua uwe mdogo, la sivyo kiti kitakwenda kando kama kaa.

Hayo sikuyajua kwa kusoma. Kila alasiri, kazi ikikauka, Bi Mwanaisha aliniazima kiti, nikaketi, nikapanda na kushuka sehemu iliyokwisha. Mikono iliota malengelenge ambayo mwiko haukuwahi kuniletea. Yeye alikaa kitandani karibu na dirisha, akishona na kunisahihisha. "Wasukuma kwa mabega, Fundi. Sukuma kwa kifua."

Watu wa mji huona. Wiki ya pili habari zilifika nyumbani kwangu kabla yangu, kwamba Fundi Katana ameanguka kazini na sasa yuko kwenye kiti. Nilipoingia nilikuta majirani saba sebuleni, na sukari, na majani ya chai, na mzee mmoja akieleza kwamba kila kitu hupangwa na Mungu. Nilisimama mlangoni. Wakanitazama miguu. Hakuna aliyefurahi kwa haraka, maana sukari ilikuwa imeshanunuliwa. Mwishowe mke wangu akasema, "Si ungekaa angalau, baba, watu wamekuja kukupa pole." Nikakaa, tukanywa chai.

Sasa nifike kwenye kosa, ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Kazi ilipokwisha yalibaki mawe, na chokaa nusu pipa. Ilikuwa bado siku moja Bi Mwanaisha aje kuijaribu njia mwenyewe. Nikapatazama pale mahali pa kugeukia: bapa, papana, kivuli cha ukuta kipo tangu asubuhi hadi adhuhuri, na upepo wa maji unafika. Nikafikiri, watu hawa watakuja na viti vyao kutoka mbali, watachoka, na sisi hatukuwawekea hata mahali pa kukaa. Aibu ikanishika kwelikweli. Nikavua shati nikajenga.

Ilikuwa baraza nzuri kuliko zote nilizopata kujenga. Nilizichonga pembe zake, nikaisugua chokaa mpaka ikang'aa, nikaipa mgongo uliolala kidogo. Kabla haijakauka vizuri wazee watatu wa mtaa walikuwa wameshaikalia, na Fundi Shee akaja na bakora yake. Akaipapasa. Akaketi. Akatazama maji.

"Hii ni baraza," alisema.

Nyinyi hamkumjua Fundi Shee. Nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo tangu siku ya gunia la simiti. Nililazimika kwenda kuhesabu mabeleshi ili watu wasinione uso.

Kesho yake asubuhi Bi Mwanaisha alitoka, amevaa buibui jipya. Tukaamkiana. Dada yake alikuwa nyuma, mikono tayari, lakini akaambiwa abaki mlangoni. Alishuka taratibu ule upande wa kwanza, akishika na kuachia magurudumu. Wazee pale barazani wakanyanyuka kwa heshima wakamkaribisha. Akafika mahali pa kugeukia. Akaanza kugeuka. Vikanyagio vya kiti vikagonga baraza.

Akarudi nyuma, akajaribu kwa mkono wa kushoto. Vikagonga. Akajaribu mara ya tatu. Nilikuwa nimekipima kile kiti kikiwa kimetulia. Sikukipima kikigeuka, mimi niliyekipanda wiki hizo zote, kwa sababu siku nilizojaribu baraza haikuwako.

"Ni nini hiki, Fundi?" akauliza.

"Ni baraza, Bi. Tumekujengea mahali pa kukaa."

Aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Fundi," alisema taratibu, "mimi nimekuya nimeketi."

Mzee mmoja akakohoa. Bi Mwanaisha akaiweka mikono juu ya mapaja, na sauti iliyomtoka safari hii haikuwa ile ya kunisahihisha.

"Si neno. Niitieni wale wanaume wanne."

Nimefanya kazi miaka mingi, nimeona ukuta ukianguka na mtu akivunjika mguu, lakini hakuna kilichoniuma kama maneno yale. Nilikwenda kwenye lori nikaleta nyundo kubwa. Wazee walipoiona waliketi, wote watatu, kwa mpigo mmoja.

"Baraza haivundwi, Fundi," mmoja akasema. "Ukivunda baraza wavunda majilisi ya watu, wavunda mazungumzo yao."

Alikuwa amesema kweli, na ndivyo nilivyofunzwa. Nilimtazama Fundi Shee. Alikuwa ameketi nao tangu asubuhi, mwisho wa baraza, pale nilipochonga pembe nzuri. Nilifikiri atanitukana, na ningemshukuru. Yeye akajiinua kwa bakora, akasimama kwa tabu, akawageukia wenziwe.

"Ondokani," akawaambia. "Baraza ni ya kumkaribisha mgeni. Ikimzuia ndia, huo ni ukuta." Kisha akanigeukia mimi na nyundo yangu. "Na wewe, si hivyo. Ukipiga na hilo wapasua sakafu. Nipa tindo."

Nikampa tindo na nyundo ndogo. Akapiga magoti, yale magoti yaliyomtoa kazini, akaling'oa jiwe la kwanza yeye mwenyewe, lile la pembeni. La pili akaniachia. Hadi adhuhuri baraza ilikuwa fungu la mawe kando ya lori. Tulisawazisha makovu ya sakafu, nikapitisha ufagio wa chelewa, tukaiacha simiti ikauke siku nne. Ukutani ilibaki alama nyeupe ya chokaa, urefu wa mgongo wa mtu, na hiyo haikutoka kwa kusugua.

Siku ya tano asubuhi alitoka tena na buibui lile lile. Mtaa mzima ulikuwa umesimama, na kila mtu alikuwa na mikono. Mnawajua watu wetu: mtu akionekana na tabu kidogo, watu sita wameshaidaka kabla hajaitika. Nikawaomba kwa jina la Mungu wote waiweke mikono nyuma. Nami nikaweka yangu. Katika kazi zote nilizofanya, hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko nyingine.

Akashuka. Akafika pa kugeukia, akageuka mara moja, pana inchi tatu za akiba. Akashuka upande wa pili, akatoka kwenye njia ya ukingoni, akaenda mpaka kwenye vyuma vya kushikia. Akafunga breki. Akatazama.

Watu walishangilia, wakangoja kidogo, wakangoja zaidi. Wakaanza kuangaliana. Mmoja akatazama saa, lakini safari hii halikutokea lolote. Baada ya muda wakaenda zao, kila mtu na shughuli yake, na Injinia Mwakio akaitwa ofisini. Dada mtu akarudi jikoni. Adhana ikaadhiniwa, Fundi Shee akaenda msikitini, akaniambia nisimwongeleshe Bi Mwanaisha. Nilibaki mimi, kwa sababu msimamizi haondoki kazi ikiwa inajaribiwa. Yeye alikuwa amenipa mgongo, kichwa kikigeuka polepole, kushoto, kulia, kama mtu anayesoma barua ndefu. Sikumwona uso, na haikuwa haki yangu kuuona.

Aliporudi jua lilikuwa limevuka utosi. Kupanda si kama kushuka. Upande wa kwanza aliumaliza. Wa pili, katikati, alisimama, na kiti kikarudi nyuma kiasi cha kiganja. Mkono wangu wa kulia ukatoka wenyewe. Nikaurudisha. Akapumua, akainamisha kifua, akasukuma kama alivyonifundisha, akafika juu mbele yangu, amelowa jasho, na macho yamekuwa mekundu.

Akanitazama toka kichwani hadi viatuni.

"Umesimama hapo tangu asubuhi, Fundi?"

"Ndiyo, Bi."

"Mbona hukuketi?"

"Hapana pa kuketi, Bi. Tumepavunja."

Akaitazama ile alama nyeupe kule chini ukutani, kisha akakigeuza kiti kuelekea mlangoni pake.

"Pole," alisema. "Utazoea."